Nilifuta Ombi la Pampu Nikijisifu

Mkosaji ni mimi. Nasema mapema usije ukaanza kunionea huruma bure.

Miaka ya tisini, wageni waliokuwa wakihudumia wakimbizi walifunga virago, wakaiachia ofisi ya chama chetu cha wakulima, Nyaishozi, kompyuta mbili. Zilikuwa zimeunganishwa kwa waya, faili la huku unalifungua na kule. Mimi nilikuwa nimesoma kozi fupi Bukoba. Basi, kiburi chake! Watu wakaniita Mtaalamu, nami nikaitika.

Ikatangazwa tunapata mgeni rasmi. Mpiga chapa wetu, Adventina, akapewa kazi ya kuandika risala. Shida yetu ilikuwa moja: pampu ya kisima ilikufa, akina mama wanashuka bondeni kuteka maji. Wazee wakamwambia aweke ombi la pampu mwishoni.

Kabla hajaliandika, akatoka kwenda kunywa chai, faili liko wazi kwenye mashine yake. Nikalifungua kwenye yangu. Kompyuta ikanionya: faili hili limefunguliwa kwingine, unataka kusoma tu, kuhariri hivyo hivyo, au kutoka?

Mtaalamu atoke? Nikabonyeza hivyo hivyo.

Nikasoma risala yote. Jina langu halimo! Nikaongeza aya nzima ya kumsifu "kijana wetu shupavu wa kompyuta", nikahifadhi, kisha nikabaki natafuta maneno matamu zaidi.

Adventina akarudi, akaandika ombi. Alipotaka kuhifadhi, mashine yake nayo ikalalamika.

"Kaka, waitu, tafadhali, inasema faili limebadilika tangu nilifungue. Nifanyeje?"

"Ikubalie tu, dada. Hizi mashine zina wasiwasi."

Akakubali, akaenda zake nyumbani. Hapo ombi limeingia, sifa zangu zimefutika. Lakini kwenye kioo changu sifa zipo, ombi hakuna. Nikarekebisha koma moja, nikahifadhi juu ya kazi yake. Onyo likaja tena, sikulisoma hata! Nikachapisha mwenyewe, nikampelekea katibu.

Siku ya sherehe katibu akasoma. Alipofika kwenye aya yangu, mgeni rasmi akaomba kijana huyo asimame. Nikasimama! Makofi! Vigelegele! Risala ikaishia hapo. Watu wakatazamana.

"Ndugu zangu," mgeni akasema, "kila ninapokwenda naombwa. Ninyi hamkuomba kitu. Hongereni kwa kujitegemea!"

Kumbe kwenye gari lake alikuwa na pampu mpya ya kumpa atakayeomba; ikaenda kufungwa kwa jirani zetu wa Isingiro.

Wazee wakamgeukia Adventina. "Binti, tulikutuma neno moja tu!" Akaapa kwamba aliandika. Akanitazama mimi, mtaalamu, nimtetee. Nami, Mungu anisamehe, nikatikisa kichwa nikasema kompyuta zinataka umakini. Aliacha kazi, akarudi kwao Nyakasimbi. Alikuwa binti mwema, na nilimchafulia jina.

Msomaji mwenzangu, mashine ikikuambia mwenzako yumo ndani ya faili, toka! Inuka kwenye kiti, kamuulize. Na kama umeshaharibu, sema siku hiyo hiyo, hata kama makofi bado yanalia.

Mimi nilinyamaza. Mke wangu akashuka bondeni na mimba ya mtoto wetu wa kwanza, na kila akitua ndoo aliniuliza, "Hivi yule Adventina alisahauje?"

Mpaka leo sijamjibu.