Saa Aliyomchagulia Waziri

Pale Rumonge, katika mitaa ya Waswahili nyuma ya soko, mtu akitaka kununua kitu cha kuvaliwa na mwingine na hajui kipimo chake, alikuwa akimwendea Tahira. Kazi yake hasa ilikuwa ndagala, wale dagaa wa ziwani. Asubuhi alizinunua mwaloni mitumbwi inaporudi, akazianika kwenye vichanja vya waya, kisha akawauzia wachuuzi wa Bujumbura. Lakini sifa aliyojivunia mwenyewe ilikuwa ya jicho. Angemwona bibi harusi mara moja tu, wakisalimiana mlangoni, kisha angekwenda sokoni na kurudi na viatu vinavyomkaa kama vimeshonwa juu ya miguu yake. Hakutumia futi wala uzi. Ukimuuliza anajuaje, alikuwa akicheka na kusema kwamba watu wanatazamana bila kuonana.

Mtoto wake wa kwanza alikuwa Waziri. Utoto wake uliandamwa na malaria na kikohozi, akakua mrefu asiyenenepa. Shuleni walimwita Kijiti. Ndiyo maana hata jua la ziwa likiwaka namna gani, Waziri alivaa shati la mikono mirefu na kufunga vifungo vya mikono hiyo. Tahira alijua sababu, na mumewe Shabani, fundi wa injini za mitumbwi, alijua pia. Nyumbani jambo hilo halikutajwa.

Mwaka Waziri alipopata diplome yake ya kumaliza shule, Tahira aliamua kumnunulia saa ya mkononi. Miaka ile ilikuwa ya saa kubwa. Kila kijana wa mjini alitaka saa pana kama kifuniko cha kopo la maziwa, nene, yenye visaa vingine vidogo ndani yake visivyofanya kazi yoyote. Wachezaji walizivaa, madereva walizivaa, na Waziri mwenyewe alikwisha kuisifu mara kadhaa, wakati wa kula, saa ya rafiki yake Hamissi. Hakuomba wazi. Alisifu tu.

Tahira alikwenda kwa Lameki, Mkongomani aliyevuka kutoka upande wa Fizi zamani na kupata meza ya saa sokoni. Lameki alimpangia saa zote kubwa alizokuwa nazo. Tahira aliishika moja, akaipima kwa macho juu ya mkono alioujua tangu ulipokuwa wa kitoto kichanga, akairudisha. Watu wataiona saa, alisema, hawatamwona mtoto. Akachagua ndogo iliyokuwa pembeni, yenye uso mweupe, mishale myembamba na mkanda wa ngozi ya kahawia, ya namna iliyovaliwa na wanaume wa rika la baba yake.

“Mama Waziri, hii vijana hawaitaki tena,” Lameki alimwambia. “Beba kubwa. Mutoto akiikataa utanirudishia.”

“Mutoto ni wangu,” Tahira alimjibu. “Mukono wake naujua.”

Na kweli saa ilimkaa Waziri vizuri mno. Ilitulia juu ya mfupa wa kifundo cha mkono bila kuzidi upande wala kupungua. Waziri alishukuru, akaivaa, akaenda nayo kwenye mpira. Aliporudi uso ulikuwa umebadilika. Wenzake walikuwa wamemuuliza kama ameazima saa ya mama yake.

Jioni ile palikuwa na wageni. Mdogo wake Shabani alikuwa amefika kutoka Muhuta na watu wake, na wote walikuwa wameketi mkekani wakila samaki aina ya mukeke wa kuchoma. Waziri alimwinamia mama yake na kumwomba kwa sauti ndogo, kama inawezekana, kesho waibadilishe ile saa kwa kubwa. Sauti haikuwa ndogo vya kutosha. Shemeji mtu akauliza kuna nini, na Tahira, ambaye hakuwahi kuambiwa mbele za watu kwamba amechagua vibaya, akaona amevuliwa nguo.

“Kwanza uote mukono wa kuvalia saa kubwa,” alisema, “ndiyo uje uniombe.”

Wageni walicheka. Shemeji alicheka mpaka akapaliwa. Shabani hakucheka. Waziri alifungua mkanda taratibu, akaiweka saa mkekani karibu na sahani ya mama yake, akanawa mikono, akatoka.

Tahira alitaka kumfuata. Alikwisha hata kukunja mguu ili ainuke, lakini wageni walikuwa bado wanakula, akajiambia atazungumza naye kesho. Kesho yake mitumbwi ilirudi imejaa, samaki wakawa wengi kuliko vichanja, na siku ikapita. Siku nyingine aliona kwamba jambo limepoa, kwa nini kulichokonoa. Na kwa kweli alikuwa na hasira pia. Mama hamwombi radhi mtoto kwa ajili ya saa, alifikiri hivyo, na akaendelea kufikiri hivyo hadi Waziri alipopata nafasi ya kwenda Zambia, mjini Ndola, kwa ndugu mmoja mwenye duka la vipuri vya magari. Siku ya safari alifunga mzigo wake vizuri, akawaaga watu wote wa mtaa. Saa aliiacha palepale juu ya kabati ambapo mama yake alikuwa ameiweka.

Kuiona kila siku kukamchosha Tahira. Palikuwa na binti wa marehemu dada yake, Jessica, aliyemlea mwenyewe na aliyekuwa karibu kuolewa Kigwena. Tahira alimpa. Ilimkaa bila kuongezwa tundu la mkanda.

Miaka ikaenda. Waziri alipiga simu kila Ijumaa baada ya swala. Aliuliza habari za baba, za dada yake Aziza, za mwaloni, za majirani mmoja mmoja. Sikukuu ikifika hakusahau nyumbani. Hakuwahi kumjibu mama yake kwa ukali wala kukata simu kabla hajaombewa dua. Alizungumza naye kama mwanafunzi anavyozungumza na mwalimu aliyemheshimu, na hilo ndilo lililomuuma Tahira. Alikuwa akisikia wanawake wenzake wakigombana na watoto wao kwenye simu, wakilaumiana na kuchekana, akawaonea wivu.

Hapo ndipo alipoanza kuirudia ile jioni. Alipokuwa akigeuza ndagala juani alijikuta akiipanga upya, akiwatoa wageni, akilitoa neno, akimweka Waziri mkekani hadi mwisho wa chakula. Alipofika mahali pa kuinuka na kumfuata, aliinuka. Kisha mnunuzi angemwita, na mambo yangerudi kama yalivyokuwa.

Aziza alipochumbiwa, Waziri aliahidi kuja harusini. Tahira hakulala vizuri kwa furaha, na kitu cha kwanza alichofanya kilikuwa kwenda kwa Lameki. Mzee alikuwa ameota mvi, na nusu ya meza yake sasa ilikuwa ya chaja na vifuniko vya simu. Tahira akamwomba saa ya mwanaume, kubwa kuliko zote alizo nazo.

Lameki alisitasita. Alimweleza kwamba mambo yamegeuka. Vijana wamezirudia ndogo. Wanatoka hadi Bujumbura kuja kuuliza kama hana zile za zamani, za uso mweupe na mkanda wa ngozi, na wakizipata wanafurahi kama wameokota dhahabu. Kubwa zimebaki kwa wazee ambao macho yao hayaoni vizuri.

“Yeye aliniomba kubwa,” Tahira alisema.

“Ni zamani hiyo, mama. Sasa mukono wake uko namna gani?”

Tahira alijaribu kuuona mkono huo akilini. Picha alizotumiwa zote zilikuwa za mtu aliyevaa koti. Alijua mikono ya wachuuzi wake, ya wavuvi waliomuuzia samaki, hata ya Lameki mwenyewe iliyokuwa mbele yake mezani. Mkono wa Waziri hakuujua tena.

“Sijui,” alisema mwishowe. “Nipatie hiyo kubwa tu.”

Waziri alifika kwa basi kupitia Kigoma na Nyanza-Lac, mwenye ndevu na sauti nzito kidogo. Alimkumbatia mama yake kwa muda mrefu mbele ya watu. Nyumbani wakamtilia maji ya kunawa, naye akakunja mikono ya shati ili ale. Mkono ulikuwa uleule, mwembamba, ingawa kazi ilikuwa imeukaza. Na juu yake palikuwa na saa ndogo ya uso mweupe, yenye mkanda wa kahawia.

Tahira alidhani ni ileile. Alitazama tena, akaona mishale si ile, na namba zimeandikwa namna nyingine. Alitamani kuificha zawadi yake mpaka harusi ipite, lakini Aziza, ambaye hakujua lolote zaidi ya kwamba mama amehangaika kuitafuta, alikwisha kuileta. Waziri alifungua kijisanduku, akaitazama saa kwa muda. Kisha akavua ile ndogo, akaitia mfukoni mwa shati, akavaa kubwa. Alifunga mkanda kwenye tundu la mwisho, na bado ikaning’inia.

“Ni nzuri sana, mama. Murakoze,” alishukuru.

Aliivaa siku zote za harusi. Ilimzunguka mkono, ikageuka chini juu, naye akairudisha. Wakati wa dua, alipoinua mikono pamoja na wenzake, iliteleza ndani ya kanzu hadi karibu na kiwiko. Binamu zake walibana midomo, na mmoja akauliza ameitoa ukuta gani. Waziri alicheka pamoja nao. Tahira alikuwa akipakua pilau, na kila kijana wake alipoisukuma saa irudi mahali pake, alirudisha macho sufuriani. Hakuna alichokitaka siku ile zaidi ya kumwona akiivua, na Waziri hakuivua.

Wageni walipotawanyika, Waziri alimfuata mama yake mwaloni asubuhi kumsaidia kugeuza samaki. Walifanya kazi kwa muda, mmoja upande huu wa kichanja na mwingine upande ule. Kisha akauliza, bila kuinua macho.

“Mama, ile saa ndogo iko wapi?”

Tahira alimweleza. Alimpa Jessica, na Jessica alikaa nayo miaka mingi. Lakini ziwa lilipopanda na kuingia katika nyumba za Kigwena, Jessica alitoka na watoto na godoro moja tu, na vilivyobaki ndani vikaondoka na maji.

Waziri aliendelea kugeuza ndagala.

“Niliitafuta kama ile Ndola yote,” alisema. “Hii niliyokuja nayo inafanana tu. Nilitaka nivae ile kwenye harusi ya Aziza, uone kwamba ulichagua vizuri.”

Tahira aliweka chini kijiti alichokuwa akigeuzia samaki.

“Saa nilichagua vizuri,” alisema. “Lile neno nililokuambia mbele ya baba yako mudogo, lile, mwanangu...”

“Neno gani, mama? Miye sikumbuki.”

Alisema hivyo kwa upole kabisa. Na huku akisema, aliushusha mkono wa shati hadi juu ya kiganja, akafunga kifungo, jua likiwa kali vilevile. Tahira akajua kwamba anakumbuka kila kitu, hadi sauti ya kicheko cha baba yake mdogo.

Alimwomba basi amrudishie ile kubwa, Lameki ataibadilisha bila maneno. Waziri alikataa. Alisema ni yake, amepewa na mama yake, ataondoka nayo. Tahira hakuweza kujua kama huo ni upendo au ni ule uchungu wa zamani uliojifunza adabu, na alijua hatamuuliza. Kungekuwa na wakati wa kuuliza, ungekuwa ule wa mkekani, angeinuka na kumfuata uani. Sasa alikuwa na mwanaume mzima mbele yake, mwenye heshima, aliyekwisha kuamua kumsamehe bila kumruhusu kuomba msamaha.

Siku ya kuondoka walisimama kituoni pamoja na Shabani. Mizigo ilikwisha kupandishwa, dereva alikuwa anawahimiza watu. Tahira akaushika mkono wa Waziri, akaisukuma juu ile saa kubwa, akauzungushia kidole gumba na kile cha kati, mahali pa saa, na vidole vikakutana. Waziri hakuuvuta mkono. Alimwacha aushike mpaka walipomwita ndani.

Basi lilipokwisha kushika njia ya Nyanza-Lac, Shabani alimwambia mkewe waende nyumbani akapumzike. Tahira alisema hapana. Mvua ilikuwa inakuja kutoka upande wa Kongo, ziwa lilikwisha kuwa jeusi, na ndagala zilikuwa bado nje.