Nilivyobishana na Baba Mkwe Kupitia Pazia

Nakiri mapema, kabla hamjaanza kunicheka: mimi ndiye yule msichana ambaye mshenga alimkuta amelala sakafuni mbele ya wageni. Habari zilifika Sanje zikiwa zimeongezwa chumvi, wengine wakasema nilimpiga baba mkwe mweleka, wengine wakasema ni wazimu wa kusoma sana, na kwa kuwa hakuna aliyewahi kuniuliza mwenyewe, acha niwaeleze ilivyokuwa, aibu ni yangu na mdomo ulioileta ni wangu.

Ilikuwa miaka ya tisini, nimemaliza chuo kikuu Dar es Salaam, nimerudi kwetu Katindiuka nasubiri kazi, na Valerian wa Sanje alikuwa amewaomba wazee wake waje kunichumbia. Nilimtaka Valerian. Naomba hilo mlishike vizuri, kwa sababu mkisikia niliyoyafanya mtadhani nilikuwa natafuta namna ya kumkimbia.

Kwetu siku ya posa kijana mwenyewe haji. Wanakuja wazee wake na mshenga, na mshenga ndiye anayesema. Msichana anakaa chumbani, haonekani wala hasikiki, mpaka aitwe, apige magoti, asalimie, aulizwe kama anawafahamu wageni, ajibu ndiyo, arudi ndani. Basi. Shangazi Melania, dada yake baba, alikuwa ananisuka nyuma ya pazia la chumba huku akinionya.

"Neno moja tu, Editha. Hayo maswali yako ya chuo kikuu yaache kwenye sanduku."

"Na wakiniuliza jambo jingine?"

"Umeshaanza."

Sasa baba, katika kutafuta namna ya kuwaheshimu wageni, alikuwa amekodi video. (Wadogo hamtaelewa, lakini enzi zile kumwekea mgeni deki, televisheni na jenereta sebuleni kwako ilikuwa heshima kuliko kumchinjia mbuzi.) Mpango ulikuwa video iwashwe baada ya mazungumzo, watu wakiwa wanakula. Lakini mvua ilikuwa imenyesha, mshenga alikuwa anakuja na baiskeli kutoka Michenga, na tope likamshika njiani. Bila mshenga hakuna anayeruhusiwa kugusa lile lililowaleta. Wazee waliokwisha kufika wakazungumza habari za mvua zikaisha, wakazungumza za mpunga zikaisha, wakaanza kutazamana, baba akaona bora awashe video.

Mkanda wa kwanza ulikuwa wa Kihindi, wale ndugu wanaopotezana utotoni halafu wanatambuana ukubwani kwa wimbo, na mimi siku zote najiuliza kwa nini asitokee hata mmoja aliyeusahau huo wimbo. Nikanyamaza. Wa pili, steringi anamaliza jeshi zima peke yake, bunduki yake haiishi risasi, na katika kambi nzima hakuna askari mmoja aliyefundishwa kulenga. Nikauma upindo wa kanga, nikanyamaza. (Nilikuwa nimeshapata somo. Chuoni palikuwa na televisheni ukumbini, na tulikuwa tunaangalia tamthilia ya kigeni ambayo mwanamke akiamka asubuhi rangi ya mdomo iko vilevile kama alivyolala nayo. Niliuliza inawezekanaje, wenzangu wakanitoa nje.)

Ndipo wakaweka mieleka.

Mzee Simoni, baba yake Valerian, alikuwa mtu wa mashamba ya miwa, mwenye sauti ya mtu aliyezoea kushindana na mitambo, na mieleka ilikuwa ugonjwa wake. "Hii sasa siyo picha," akamwambia baba. "Zile nyingine ni maigizo. Hawa wanaumizana kweli. Muone, anapigwa na kiti! Ile damu yake mwenyewe ile!"

Ningeweza kuvumilia damu. Ningeweza kuvumilia hata kiti. Kilichonishinda ni kwamba kila adui alipokwenda kuchukua kiti, refa alikuwa amegeukia upande mwingine, mara afunge kiatu, mara agombane na watazamaji, na nikawaza kimoyomoyo (ndivyo nilivyodhani) kwamba haiwezekani mtu ageuke kila mara kwa bahati.

"Kwa nini refa anageuka kila kiti kinapokuja?"

Kumbe nimesema kwa sauti. Tena sauti ya kufundishia.

Shangazi akanifinya mpaka machozi yakanilenga. Kisha nikamsikia baba, masikini, mtu ambaye hajawahi kudanganya hata kwa padri, akisema, "Hiyo ni redio ya jirani."

"Redio ya jirani inaangalia mieleka yetu?" akauliza Mzee Simoni.

Hapo ningenyamaza yangekwisha. Wageni walikuwa wameshaanza kucheka, na mtu akicheka ameshasamehe. Lakini Mzee Simoni akasogeza kiti chake karibu na pazia, akasema, "Haya, redio, refa anageuka kwa sababu ana watu wawili wa kuwatazama na macho mawili tu. Una jingine?"

Nilikuwa nalo.

"Na yule aliyevunjwa shingo pambano lililopita, mbona huyu hapa anaruka kutoka juu ya kamba za ulingo?"

"Amepona!"

"Kwa dawa gani?"

"Watu wa mieleka siyo kama sisi!"

"Ndicho ninachosema, baba. Wanaigiza!"

Shangazi Melania alishaona mimi siyo wa kuelekezwa kwa kufinywa, akanikamata kiunoni anivute uani. Mimi nikashika pazia. Akavuta, nikashikilia, na waya wa pazia ukang'oka na misumari yake yote miwili, tukabaki tumesimama mbele ya ukoo mzima wa Valerian. Shangazi alikuwa na gauni la jikoni, akakimbia uani. Mimi nilikuwa na kanga moja kifuani na nyingine begani, upande mmoja wa kichwa umesukwa vizuri na upande wa pili nywele zimesimama na kitana kimechomekwa humo humo.

Nikapiga magoti. "Shikamooni."

"Marahaba, redio," akasema Mzee Simoni.

Mtu mwenye akili angerudi ndani kwa magoti yale yale. Mimi nilikuwa nimeshaaibika tayari, nikaona basi angalau nishinde ubishi. Nikawaambia wale hawaumii kwa sababu wanajua kuanguka, wanapiga mkono chini ili mlio uwe mkubwa, na kama hawaamini nitawaonyesha. Baba akasema, "Editha." Akasema tena, taratibu, "Editha, mama." Nikajitupa mkekani chali na kupiga kiganja kwenye saruji. Paaa!

Kilitoka kishindo cha kweli kabisa, nilikifurahia mimi mwenyewe. Tatizo ni kwamba shangazi aliyekuwa uani alikisikia pia, na yeye hakujua habari ya maonyesho. Akaingia mbio na beseni la maji ya kunawa wageni, anapiga kelele, "Amezimia! Mtoto amezimia!" Akamwaga. Na mimi, kwa kuwa nilikuwa bado naonyesha wanavyojiviringisha, nikajiviringisha.

Maji yote yakamwishia Mzee Simoni kifuani, kwenye suti ya Kaunda iliyopigwa pasi ikasimama.

Wakati huo huo mshenga akatokea mlangoni, tope mpaka magotini, na kwa kuwa alikuwa ameyakariri maneno yake njia nzima hakusubiri hata kutazama. "Wenye nyumba, hodi! Tumepita, tukaona humu ndani kuna ua zuri limetulia..." Akaniona pale chini.

Hakuna aliyecheka. Mzee Simoni alijifuta kifua kwa leso, akamwambia mshenga akae, yeye mwenyewe ndiye atakayemuuliza binti.

"Niambie mbele ya wazazi wako. Mieleka ni kweli au siyo kweli?"

Nilimwona mama kwenye mlango wa uani ananikazia macho. Jibu lililotakiwa nililijua, lilikuwa jepesi, na nyuma ya jibu hilo alikuwapo Valerian. Nilitaka kulisema. Lakini nikafikiria kuingia nyumba ya watu kwa uongo na kuanza kuulinda tangu siku ya kwanza, nikaona siwezi.

"Damu inaweza kuwa ya kweli, baba. Ila nani atashinda wamepanga."

"Na mwanangu akikosea, utamwambia?"

"Nitamwambia."

"Hivi, mbele za watu?"

"Hapo nimekosea leo. Naomba radhi."

Akasimama. "Tutatuma jibu," akasema, wakaondoka bila kugusa chakula, na mama akabeba lile sinia la wali na kuku kulirudisha jikoni kama anabeba msiba.

Jibu halikuja. Mpunga ukageuka rangi mashambani, halikuja. Shangazi aliniambia kila siku niende Sanje nikawaambie nilikosea. Baba naye, ambaye siyo mtu wa kubembeleza, alikuja kukaa karibu yangu jioni moja. "Mwanangu, ni mieleka tu. Waambie ni kweli, yaishe."

"Kwa kuongea bila kuitwa nitaomba radhi hata mara mia. Kwa mieleka siombi, baba."

Nilisema hivyo kwa uso mkavu, kisha nikaenda chumbani nikalia, maana nilikuwa na hakika nimempoteza Valerian kwa ajili ya watu wenye chupi za rangi.

Tulikuwa tumeanza kuvuna ndipo mshenga akarudi, safari hii akiwa mkavu. Akasalimia, akanywa maji, akamwambia baba kwamba Mzee Simoni ameukodi ule mkanda wa mieleka na amekuwa akiuangalia tena na tena, hamtazami mpiganaji yeyote, anamtazama refa tu, na tangu hapo hana raha. Kuhusu mieleka hajakubali chochote, wala asidhaniwe amekubali. Posa ipo. Ila siku wakija binti akae sebuleni tangu mwanzo, kwa sababu kubishana na pazia kunamchosha.

Nilikaa sebuleni. Na nimeapa, mbele ya Shangazi Melania kama shahidi, kwamba maadamu ninaishi sitabishana tena na mtu yeyote kabla sijamaliza kusukwa kichwa kizima.