Makofi ya Bi Kero

Ukitaka kumuudhi Biasha Boga wa Msambweni, mwite Bi Kero. Watu wazima wanalijua hilo, na bado wanamwita. Anapita sokoni Kombani na kapu lake, mtu asiyemfahamu hata kidogo anampigia kelele kutoka ng'ambo ya barabara, "Zima redio!" kisha anacheka peke yake, ameridhika, kama aliyempa mtu zawadi. Mara nyingi Biasha hageuki. Siku anayogeuka, yule mtu hujuta.

Sasa ana miaka sitini na kitu. Anashona makuti ya kuezekea uani kwake na kuyauza kwa wajenzi wa Diani. Lakini kabla ya makuti, kabla ya kuolewa na kufiwa, alikuwa kwenye runinga. Mwishoni mwa miaka ya themanini kulikuwa na kipindi cha vichekesho kilichoitwa Nyumba ya Mzee Tindo, na Jumapili jioni mitaa ilikuwa ikinyamaza kwa ajili yake. Walikuwamo Mzee Tindo, watoto wake watundu, na mkewe mwenye mdomo, Bi Kero. Huyo Bi Kero ndiye Biasha. Alikuwa akisema, akisema, mpaka Mzee Tindo anachoka, anapaaza sauti, "Zima redio!" na kumzaba kofi. Bi Kero alizunguka kama pia, akaangukia kochi miguu juu. Nchi nzima ikavunjika mbavu.

Wanawe walijua kwamba mama yao aliwahi kuigiza. Zaidi ya hapo hakuwasimulia, nao walizoea kutouliza.

Mwaka jana kipindi hicho kilitolewa upya, vipindi vyote vikiwa kwenye dividii ndani ya boksi lenye picha ya kofi juu yake. Nassir, mwanawe wa kwanza, ambaye ni mtunza bohari katika hoteli moja ya Diani, alilinunua Ukunda akalileta Msambweni pamoja na mkewe Hasina, watoto, na deki aliyoiazima kazini. Alikuwa na furaha ya mtu aliyeokota dhahabu.

"Mama, kaa hapa katikati," alisema. "Leo tunakutazama wewe."

"Mimi nina makuti."

"Makuti yatangoja, mama. Tafadhali."

Biasha alikaa, si katikati bali kwenye kigoda karibu na mlango. Muziki wa mwanzo ulilia. Akajiona, mwembamba, kanga imefungwa kibwebwe, akimsimanga Mzee Tindo kwa kurudi bila samaki. Wajukuu walimtazama yule wa kwenye kioo, wakamtazama huyu wa mlangoni, wakacheka kwa mshangao. Halafu likaja kofi. Watoto walipiga ukelele. Nassir alijipiga paja, akarudisha nyuma ili walione tena.

"Usirudishe," Biasha alisema.

"Mara moja tu, mama! Angalia unavyozunguka!"

"Nassir, zima kitu hicho."

"Zima redio!" mjukuu mmoja alidakia, na chumba kizima kikacheka, Nassir kuliko wote.

Biasha alisimama akauvuta waya wa deki ukutani kwa nguvu hata soketi ikatoa cheche. Kicheko kilikatika.

"Lile kofi halikuwa mchezo," alisema. "Mnaona ninavyozunguka? Nilikuwa ninaanguka."

Akawaeleza kwa mara ya kwanza, kwa sauti kavu. Yule aliyekuwa Mzee Tindo jina lake ni Abdulrahim. Siku moja wakati wa kurekodi alisahau maneno yake mara tatu, na Biasha akamkumbusha mbele ya watu wote. Mara ya nne hakusema alilopaswa kusema, alisema "Zima redio!" na kumpiga kofi la kweli. Wapiga picha walicheka mpaka wakashika matumbo. Mwongozaji, mtu aliyeitwa Ngala, alisema hilo libaki, tena liwe kila wiki. Biasha alimwomba Abdulrahim apige kwa ujanja, kama waigizaji wanavyofanya, mkono upite hewani. Abdulrahim alimjibu kwamba kofi la uongo halichekeshi. Ikawa hivyo wiki baada ya wiki, shavu lilelile, mpaka sikio lake la kushoto likatoka damu. Daktari alimwambia ngoma ya sikio imepasuka. Akaacha kazi, na magazeti yakaandika kwamba ameota mapembe.

"Ulituambia ni malaria ndiyo iliyokuharibia sikio," Nassir alisema.

"Nilisema hivyo ili msiniulize."

Nassir akasema jambo ambalo ingekuwa afadhali angelimeza. "Lakini mama, zile zilikuwa zama zile. Na watu wanakupenda kwa sababu ya kipindi kile kile."

"Wananipenda nikipigwa."

Hapo ndipo Nassir alipolazimika kutoa lililomleta. Hoteli yake ilikuwa inaandaa alasiri ya kumbukumbu, wenyeji waalikwe, vipindi vionyeshwe ukutani, na Abdulrahim mwenyewe awepo. Mkubwa wa burudani, kijana wa bara aitwaye Mumo, alitaka Bi Kero naye apande jukwaani. Nassir alikuwa ameshamwambia atakuja.

Hasina alimtazama mumewe kwa jicho kali. "Umeahidi kwa niaba ya mama bila kumuuliza?"

Biasha alimgeukia mwanawe. "Mwambie nitakuja," alisema. "Nina neno na Abdulrahim."

Siku yenyewe Mumo aliwapokea Biasha na Hasina langoni akiruka ruka. "Shikamoo, mathe! Itakuwa noma leo, watu wamewamisi sana! Mnafanya tu kidogo ile ya kofi, halafu mnaketi."

"Hakuna kofi," Biasha alisema.

"Si ya kweli, mathe!"

"Hakuna."

Watu walikuwa wamejaa: wafanyakazi wa mahoteli, walimu, akina mama wa Ukunda na watoto wao, wageni wachache wasioelewa kitu lakini wamechangamka. Abdulrahim alimwacha mkewe kiti cha mbele, akapanda jukwaani na kofia ya tarabushi ile ile ya Mzee Tindo, amenenepa, ndevu nyeupe, na ukumbi ukasimama kumshangilia. Biasha alipopanda, makofi yakazidi.

"Mke wangu!" Abdulrahim alisema kwenye kipaza sauti. "Bado una maneno?"

"Ninayo," Biasha alisema. "Nimekuja kuyasema. Ulinipiga, Abdulrahim. Ulinipiga kweli, nikakuomba usinipige, ukaendelea."

Ukumbi ulilipuka kwa kicheko.

Biasha alidhani hawakusikia vizuri. Akakikaribia kipaza sauti. "Sichezi. Sikio langu la kushoto halisikii. Huyu ndiye aliyelipasua."

Walicheka zaidi. Kwa kuwa sauti ilikuwa ni ile ile ya Bi Kero, yenye kukwaruza, na mkono kiunoni ni ule ule, kila neno alilolitoa liliwafikia likiwa kichekesho. Mama mmoja mbele alikuwa akifuta machozi kwa upindo wa buibui. Abdulrahim alijua kwamba hatanii. Biasha aliyaona macho yake yakisitasita chini ya tarabushi, kisha yakachagua. Akainua mkono juu, taratibu, akiwatazama watu, na ukumbi mzima ukaitikia kwa pamoja, "Zima redio!"

"Ukiushusha huo mkono," Biasha alisema bila kipaza sauti, "nitakuuma mbele ya mkeo."

Mkono ulibaki juu, kisha ukageuzwa kuwa wa kupungia watu. Biasha aliteremka. Pembeni mwa jukwaa, karibu na mitambo, alimkuta Nassir akiwa bado na kicheko usoni, hajapata muda wa kukifuta.

"Hata wewe," alimwambia.

"Mama, nilikuwa..."

"Usinisemeshe."

Alirudi Msambweni na Hasina. Njia nzima Hasina alilia, na Biasha akamwambia anyamaze kwa sababu machozi yake yanamuudhi vilevile.

Mtu alikuwa amepiga video. Wiki ile ile ilizunguka kwenye simu za watu kwa jina la "Bi Kero arudi na moto." Wengi walicheka. Lakini wengine walisikiliza, wakaanza kuuliza, na kampuni moja iliyomtumia Abdulrahim kwenye tangazo la sabuni ikaliondoa tangazo. Nassir alikuja mara mbili kuomba radhi. Mara zote mbili mama yake alimjibu salamu, akaendelea kushona makuti kana kwamba hapana mtu.

Baada ya Idi gari lilisimama mbele ya nyumba. Alishuka Abdulrahim, safari hii kichwa wazi, akifuatana na mkewe, mwanamke mnyamavu aliyebeba halua kwenye sahani iliyofunikwa.

"Asalaam aleikum, dada Biasha."

"Waaleikum salaam." Biasha alimvutia yule mke kiti. Abdulrahim hakumvutia.

Abdulrahim alizungumza akiwa amesimama. Alisema mambo yamekuwa mabaya, watu wanamtukana mitandaoni, wajukuu wake wanachekwa shuleni. Alimwomba Biasha warekodi video fupi pamoja, maneno machache tu, kwamba ile siku Diani walikuwa wakitania, kama kawaida yao.

"Ulinipiga au hukunipiga?" Biasha aliuliza.

"Biasha, hayo yamepita, na mimi mtu mzima..."

"Mkeo yuko hapa. Mwambie yeye. Mimi ninajua."

Abdulrahim alimtazama mkewe. Mkewe hakumsaidia. Alikuwa ameuinua uso, anangoja kama anayengoja jibu la swali lake mwenyewe, la siku nyingi.

"Nilimpiga," Abdulrahim alisema hatimaye, akitazama chini.

"Ngala alikwambia unipige kweli?"

"Ngala alisema tu liwe linaonekana." Akameza mate. "Nilitaka mwenyewe. Ulikuwa unanifunika. Watu walikuwa wanachekeshwa na wewe, si mimi."

Halafu akasema kwa haraka, kama mtu anayetaka kuondoka na risiti, "Basi umenisamehe?"

"Sijasema hivyo. Na video sirekodi. Shukrani, mama," alimwambia yule mke, "kwa halua."

Walipoondoka Hasina, aliyekuwa amekuja kumtembelea, alitoka ndani, alikokuwa amesikia yote. Alimpa Biasha maji. Biasha alikunywa, akasema kwamba alitarajia atajisikia vizuri na hajisikii. Bado angemuuma.

Majuma yakapita. Siku moja Hasina alikuja na lile boksi na deki. Alikuwa ameketi peke yake kuvitazama vipindi vyote, akitafuta kofi la kwanza liko wapi. Vipindi vya mwanzo kabisa, alisema, havina kofi.

"Sitaki," Biasha alisema.

"Kimoja tu, mama. Nikikosea, nitalichoma boksi lote hapa uani."

Walitazama wawili. Bi Kero alikuwa jikoni, akibishana na jogoo aliyepaswa kuchinjwa, akimwekea hoja kama wakili. Abdulrahim alikuwa amesimama nyuma yake hana la kusema. Hasina alicheka, akaziba mdomo. Biasha hakucheka. Alikitazama kipindi mpaka mwisho, ameinama mbele, sikio zuri likielekea kwenye runinga.

"Nilikuwa hodari," alisema.

"Sana, mama."

"Zaidi yake."

"Mbali kabisa."

Biasha alirudi kwenye makuti yake. Kisha akamwambia amwite Nassir aje ale chakula cha mchana Ijumaa, lakini amwonye kwamba akifungua mdomo kuhusu kipindi kile kabla hajaulizwa, ataondoka na njaa yake.