Kirumbi Sipo, Chilumbi Ndipo

Nilifunga safari kwa sababu ya barua tisa zisizojibiwa. Mama alizisema, nikaziandika mimi, mwalimu wa imla katika shule moja ya Dar es Salaam, mtu niliyeogopwa na darasa zima kwa wino wangu mwekundu. Zilikuwa za kwenda kwa dada yake, Mama Mkubwa Felista, aliyebaki Uluguru wakati mama alipoolewa na baba yangu Mzaramo na kushuka pwani. Miaka mitatu, kimya. Mama akaanza kusema, "Dada amenikataa. Niliolewa mbali, naye amenitoa moyoni." Hata chakula kikawa hakimpiti. Shule zilipofungwa akaniambia, "Nenda, mwanangu. Kama amenikataa, nisikie kwa kinywa chako, nijue moja."

"Nitafika Kirumbi na kurudi upesi," nikamjibu.

"Chilumbi."

"Kirumbi, mama."

"Haya, Kirumbi yako," akasema, akageukia ukutani.

Ndivyo tulivyokuwa siku zote. Nilijua watu wa milimani husema "chi" mahali pa "ki", na "l" mahali pa "r". Hata wao wenyewe hujiita Walugulu. Basi kila mama alipotaja kwao, nilimsahihisha kama mwanafunzi wa darasa la pili. Kwenye bahasha zote tisa niliandika Kirumbi, kwa mwandiko wa kujivunia.

Jumatatu jioni treni ilinishusha Morogoro. Milima ilikuwa imesimama nyuma ya mji, vilele vimo ndani ya mawingu. Nilimuuliza mchukuzi wa stesheni njia ya Kirumbi, naye hakusita: "Panda lori la Dumila kesho. Ukishuka, uliza."

Jumanne asubuhi nilikaa juu ya magunia, tukapita Dakawa katika vumbi, milima ikizidi kubaki nyuma yetu. Hapo nilianza kushuku. Mama alikuwa akisimulia kwamba kwao wingu huingia mlangoni bila hodi. Mimi nilikuwa naona tambarare tupu na ng'ombe. Kutoka Dumila nilitembea saa nzima. Kirumbi ilikuwa nyumba chache na duka moja, na mwenye duka, mzee mwenye kanzu iliyofifia, alinisikiliza mpaka mwisho.

"Felista? Hapa hayupo, wala hajapata kuwapo," alisema. Akainama chini ya meza, akatoa kopo la biskuti. Ndani mlikuwa na barua zangu, zote tisa, hazijafunguliwa. "Barua ya mtu haitupwi. Nilisema, iko siku atakuja mwenyewe," akasema, akanikabidhi.

Salaale! Nilitamani ardhi ipasuke. Mama Mkubwa hakuwa amemkataa mtu. Barua ndizo hazikufika, na aliyezipoteza ni mimi na usomi wangu.

"Mzee, Chilumbi iko wapi?"

"Aa, Chilumbi! Hiyo ni huko juu, kwa Waluguru. Wewe ulisema Kirumbi, mwanangu, na Kirumbi ndiyo hii."

Jumatano alfajiri nilikuwa nimerudi Morogoro, sokoni, nauliza kwa wauza mboga. Mama mmoja, Koleta, aliyekuwa ameuza kabichi zake zote na kubaki na tenga tupu, aliniambia kwao ni bonde la pili kutoka Chilumbi, nifuatane naye. Tulipita Bigwa jua likiwa bado dogo, tukaanza kupanda.

"Unakwenda wapi vile?" aliniuliza makusudi.

"Chirumbi."

Alicheka mpaka akalitua tenga. "Mwalimu mzima! Chirumbi ni wapi tena? Umeshika chi, umeacha lu. Sema: lu."

"Lu."

"Chilumbi."

"Chi... rumbi."

"Sifuri!"

Tukaenda hivyo. Kila kona ya njia Mama Koleta alinipa imla, nami jasho linanitoka, nakosa. Mwanzoni nilikasirika. Kisha nikawakumbuka watoto wangu wa darasani, wale waliokuwa wakilia mbele ya ubao, na hasira ikaniisha. Tulipofika kwenye kijito alinipa maji katika kata na kuniambia kwa upole, "Mdharau mwiba, mguu huota tende. Hii l uliiona ndogo, siyo?"

"Niliiona ndogo, mama."

Alasiri tulifika. Wingu lilikuwa limeshuka kweli, linapita kati ya migomba na vijishamba vya maharage vilivyoning'inia mteremkoni. Mama Koleta alinionyesha nyumba, akaniacha niende peke yangu. Uani mwanamke mzee alikuwa akipura maharage, na alipoinua uso nikaona uso wa mama yangu.

"Shikamoo, Mama Mkubwa."

"Marahaba. Mkubwa wa nani? Mimi mdogo wangu alipotelea pwani. Wanasema amekufa."

"Hajafa. Ndiye aliyenizaa."

Hakuinuka. "Waongo hupita wengi. Mama yako kwao wapi?"

Nikavuta pumzi. "Chilumbi."

"Sema tena."

"Chilumbi."

Alisimama, maharage yakamwagika, akanishika kidevu kwa mikono yote miwili. "Unaitamka kama mdogo wangu," akasema, akalia kwa sauti, nami nikalia, sioni haya kusema.

Nilimfungulia barua moja moja, nikamsomea. Kwenye ile ya tisa mama alikuwa amesema: "Dada, kama nimekosa, nichape, lakini usininyamazie." Mama Mkubwa alinyanyuka, akaniongoza nyuma ya nyumba mpaka kwenye kishamba kilichopaliliwa vizuri.

"Shamba hili ni la mama yako," alisema. "Kwetu ardhi hupita kwa wanawake, na wewe ni mtoto wa hapa kuliko unavyojua. Lakini lisipolimwa, ukoo hulitoa kwa mwingine. Kila msimu waliniambia, liache, mwenyewe kafa. Kila msimu nililima la kwangu, kisha nikalima na la kwake. Mgongo huu umepinda kwa ajili yake. Kamwambie."

Jumapili nilikuwa nyumbani. Mama alikuwa kitandani, uso ukutani.

"Mama, nimetoka Chilumbi."

Aligeuka taratibu. "Umetoka wapi?"

"Chilumbi. Kirumbi ni kwingine, na barua zote zilikwenda huko kwa kosa langu. Dada yako hakukukataa. Analima shamba lako."

Nilimweleza yote, nikamwekea mkononi maharage ya shamba lake. Aliyapapasa kwa muda mrefu. Kisha aliomba uji, akaumaliza, akaniagiza nilete karatasi. Barua ya kumi ilikuwa fupi. Nilipomaliza bahasha nilimsomea anwani, herufi kwa herufi, naye hajui kusoma hata moja.

"Lete ule wino wako mwekundu," akasema.

Nikauleta. Aliishika kalamu kwa ngumi, akanitaka nimwongoze mkono wake mpaka palipo na jina la kwao, Chilumbi, na juu yake akachora alama kubwa ya vema, iliyopinda.