Wiki Sita Bila Kupungua

Wiki sita mizani iligoma pale pale, kilo themanini na tatu, nami nikawa na hasira za kumuuma mtu. Kabla ya hapo nilikuwa nimepungua kilo tisa, hata wenzangu ofisini wakaanza kuniuliza siri. Siri ilikuwa kuhesabu tu: kalori elfu moja na mia tano kwa siku, kila tonge limeandikwa kwenye simu. Mizani ilipogoma nikashuka hadi elfu moja na mia mbili. Wapi! Mshauri wa lishe niliyempigia aliniambia pengine nahesabu vibaya, nipime upya kila kitu. Nilimkasirikia, kisha nikaenda soko la Custom, hapa Juba, kununua mizani ndogo ya jikoni. Mama Mganda aliyeniuzia alinitazama kutoka juu hadi chini.

"Dada, hii watu nanunua ya kupima dhahabu. Wewe iko napima mboga?"

Naishi mtaa wa Atlabara na mama yangu mzazi, sisi wawili tu. Yeye ndiye mpishi, na jikoni kwake hapendi kuingiliwa. Nilipoanza kuhesabu nilimwomba anipikie mboga zangu kando, majani ya kuchemsha tu, yasiyotiwa njugu za kusaga kama anavyopika siku zote. Alikubali. Kila jioni nilipima majani yangu na kipande changu cha kisra, mkate wetu mwembamba wa mtama, nikaandika, nikala. Akinisogezea chakula zaidi nilisema nimeshiba. Jioni iliyofuata akasogeza tena, nikasema nimeshiba kwa sauti kali zaidi. Siku moja nilimwambia aache kunisumbua, mimi si mtoto.

Nakiri majani yale yalikuwa matamu. Nilidhani ni njaa. Mwenye njaa hana miiko, nikajiambia, hata maji ya kuchemshia mboga atayasifu.

Jambo jingine nalikiri kwa aibu kubwa zaidi. Niliona magauni ya mama yakimlegea. Niliona leso anavyoizungusha kiunoni mara mbili. Na nilichohisi, Mungu anisamehe, kilikuwa wivu. "Mama, wewe unapungua bila hata kujaribu," nilimwambia. Alicheka kidogo akaendelea kuosha vyombo.

Jumamosi moja nilirudi nyumbani mapema nikaingia kwa mlango wa jikoni. Mama alikuwa ameinama juu ya mabakuli mawili. Langu lilikuwa na njugu, ameziponda laini mno na kuzikoroga mpaka zikapotea ndani ya majani. Lake lilikuwa na majani matupu, kiasi cha kujaza kiganja.

"Mama, hiyo ni nini?"

"Njugu. Ni zangu, mimi sizihitaji."

Nilipandwa na hasira. "Wiki sita najinyima, kumbe unanilisha kwa siri!"

Aliningoja nimalize.

"Kule kambini, tulipokuwa wakimbizi, mimi ndiye nilikuwa nawaambia nimeshiba," akasema. "Nyinyi mlikuwa watoto, mkaamini. Hilo neno nalijua. Kama wamekata mshahara, niambie tu, mwanangu. Mimi nimeshaanza kupunguza."

Nilimshika mkono nikampandisha kwenye mizani yangu, hakutaka, nikamlazimisha. Kilo arobaini na sita. Kisra yangu niliijua kwa gramu, mama yangu sikumjua hata kwa kilo. Kalori zilizokuwa zikinizidi, zile nilizozitafuta wiki sita kwenye simu, zilikuwa chakula chake. Nilijichukia, na sijui kama nimeacha.

Nilimpeleka kwenye kabati la chakula. Nikamwonyesha mtungi wa mafuta, nikamwonyesha ujumbe wa benki, nikafungua gunia la unga.

"Mshahara upo, Mama, wote. Tazama gunia, limejaa. Nilitaka tu kupunguza mwili, naapa."

Alilitazama gunia, akalipapasa ubavuni.

"Hata mimi nilikuwa nawaonyesha gunia," akasema. "Chini nilijaza nguo."

Tulikaa kula. Nilichukua tonge, nikachukua jingine, na mama alikuwa ananitazama kooni, chake hajakigusa. Nilikula hadi tumbo likanikaza, na bado sikuthubutu kumwambia kwamba inatosha.