Mtu wa Bati Aliyegonga kutoka Ndani

Siku hizi mashine zinatembea na hakuna anayeshangaa, wala anayeuliza ndani mna nini. Enzi za Fundi Saa, kuinua mguu mmoja bila kuanguka ulikuwa mtihani uliowashinda mabingwa. Watu wa bati wa mwanzo hawakutembea hata kidogo; waliteleza juu ya magurudumu yaliyofichwa chini ya kanzu, na watazamaji wakapiga makofi. Fundi Saa aliwadharau waliowaunda. "Huo ni mkokoteni uliovaa nguo," alikuwa akisema, na mtaa ulimwamini, kwa sababu hakuwahi kumrudishia mteja saa mbovu.

Basi akaanza kuunda wa kwake, mwenye magoti. Miaka ikapita akichonga meno ya magurudumu, huku mkewe akiendesha nyumba kwa cherehani. Hatimaye akakodi ukumbi, akatangaza siku. Asubuhi ya siku hiyo, springi ya goti ikakatika.

"Ahirisha," mkewe akamwambia.

"Niahirishe? Watanicheka mpaka kaburini!"

Mkewe, mwembamba kama uzi, akalitazama lile bati, akavua viatu. "Mtoe matumbo, niingie mimi. Lakini nikigonga, baba watoto, fungua upesi."

Fundi akamfungia ndani kwa skrubu za mgongoni, zinazokazwa kutoka nje kama kifuniko cha saa.

Ukumbini, mtu wa bati akapiga hatua. Watu wakapanda juu ya viti. Fundi alikuwa akizungusha ufunguo usioshika kitu, uso ukimeremeta. Joto lilikuwa kali. Mara bati likalia: ko, ko.

"Ni springi hiyo," akatangaza. "Mashine njema husikika."

"Shemeji!" kaka wa mkewe akapaza sauti kutoka mstari wa mbele. "Mbona mtu wako ana mimba ya nyundo?"

Watu wakavunjika mbavu, na Fundi akacheka nao. Bisibisi ilikuwa mfukoni, mkono u juu yake. Akajiambia: afike tu ukutani. Kugonga kwa vifundo vya vidole kukawa mkwaruzo wa kucha. Akazungusha ufunguo tena. Mtu wa bati akapiga magoti, akaanguka kifudifudi.

Hapo ndipo alipofungua. Skrubu ya mwisho ilimponyoka vidoleni; shemeji akaling'oa bati kwa mikono, cheko lingali usoni, akamkuta dada yake amelowa jasho, midomo imepauka. Hakuna aliyezomea. Heri wangezomea.

Mkewe alipona. Hakumtangaza kwa majirani, hakurudi kwao. Jioni ile alivifunga kitambaa vidole vyake vilivyochubuka, akamwandalia mumewe chakula kama kawaida.

"Kula."

"Mama watoto, nilitaka tu..."

"Ulinisikia?"

Bwana aliyejua ugonjwa wa saa kwa kuitegea sikio tu akainamia sahani. "Nilikusikia."

"Tangu mara ya kwanza?"

"Tangu ya kwanza."

Mkewe akatikisa kichwa taratibu, akabeba kiti chake, akaenda kula uani.