Tsuma Ameachiliwa

Kaingu alikuwa kinyozi pale Tarasaa, na kwa kunyoa hakuwa na sifa ya kuvuka barabara. Watu walimwendea kwa maneno. Mtu aliweza kutoka kwake upande mmoja wa kichwa umekwisha na wa pili bado unangoja, wala asilalamike, kwa kuwa alikuwa amekwisha kuambiwa mambo ambayo hata redio haikuyajua. Mambo hayo yalikuwa ya besiboli.

Mchezo huo uliletwa sehemu hizi na mwalimu mgeni wa kujitolea, aliyefika shule ya Wema na gunia la magongo na glavu. Alifundisha, akaugua malaria, akapona, akaugua tena, akaenda kwao. Glavu nyingi ziliishia jikoni, kina mama wakiepulia sufuria. Kaingu alikuwa mdakaji wa timu ile, yule anayechuchumaa nyuma ya mpigaji, na kidole chake kimoja kilipinda tangu wakati huo. Aliyekipinda ni Tsuma Charo, kijana mdogo kwake, ambaye mkono wake ulipata nguvu kwa kuwarushia ndege madongo katika mpunga wa mama yake.

Mkono huo ulimpatia Tsuma nafasi ya chuo Marekani. Alipomaliza masomo, akachukuliwa na timu. Hapo ndipo Tarasaa ilipopatwa na wazimu.

"Timu yenyewe ni kubwa?" aliuliza Kadra, mama chai wa mlango wa pili, aliyekuwa akiisikiliza dunia yote kupitia ukuta wa mabati.

"Si ligi ile ya kwenye televisheni," Kaingu alisema. "Hii ni ligi ya timu zinazojitegemea."

"Zinajitegemea vipi?"

"Hazina tajiri wa kuzilea. Wachezaji wanalala nyumba za watu, wanasafiri usiku kucha kwa basi, na timu inaweza kufa kabla msimu haujaisha."

"Basi hiyo ni timu ya wadi yetu," Kadra akasema, akarudi kwenye birika lake.

Lakini wengine hawakutaka kusikia habari za basi. Tsuma alikuwa Marekani, anacheza, analipwa: yaliyobaki walijaza wenyewe. Kila asubuhi Kaingu alifungua ukurasa wa ligi kwenye simu, kisha akaandika habari kwa chaki kwenye ubao ulioegemezwa mlangoni. Alipoandika TSUMA AIBA BESI MBILI, yaani amekimbilia vituo viwili kabla mpira haujapigwa, mchungaji alikuja mwenyewe kuuliza kama vitu hivyo vimerudishwa. Na siku alipoandika kwamba Tsuma amehamishiwa timu nyingine, kwa kubadilishwa na mchezaji atakayetajwa baadaye, palizuka zogo. Mzee mmoja alisimama na povu la sabuni kidevuni.

"Mtoto wetu abadilishwe na mtu asiye na jina? Hata mbuzi hubadilishwa na mbuzi anayeonekana!"

Kaingu aliwaeleza kwamba ndivyo wafanyavyo kule. Hawakuelewa, naye kwa siri hakuelewa vilevile, ila aliyapenda yale macho yote yakimkodolea. Mkewe alikuwa akimwambia anaijua hali ya bega la Tsuma kuliko hali ya paa la nyumba yake, na alikuwa akisema kweli.

Mwezi wa Julai, asubuhi moja, Kaingu alifungua simu akakuta neno moja tu mbele ya jina la Tsuma. Timu imemwacha. Haimtaki tena.

Alikaa kwenye kiti cha wateja na chaki mkononi. Kuandika TSUMA AFUTWA hakuweza. Neno lenyewe lilimchoma, na mama yake Tsuma, Josephine, angepita hapo akienda sokoni. Akatafuta neno laini zaidi. Akaandika: TSUMA AMEACHILIWA.

Kisha akaondoka kwenda kununua wembe.

Aliporudi alikuta watu wamefurika mlangoni, wanawake wawili wanapiga vigelegele, na mmoja anajifuta machozi kwa kanga.

"Kumbe alikuwa ndani!" alisema yule mzee wa mbuzi. "Na wewe Kaingu ulikuwa unatuficha!"

"Ndani ya nini?"

"Jela, baba! Si wamemwachilia?"

Kaingu alifungua kinywa aeleze. Lakini mchungaji alikwisha kufika na alikuwa anainua mikono, na Kaingu hakulelewa kukatiza sala ya shukrani. Sala iliposhuka mpaka amina, jela ya Tsuma ilikuwa imekwisha kujengwa, ina kuta, ina walinzi na mbwa.

Kabla ya adhuhuri alifika Mheshimiwa mtarajiwa Zachary. Huyu alikuwa amegombea kiti cha wadi akashindwa, akagombea tena akashindwa, na sasa alikuwa akijiandaa kwa mara ya tatu. Alishuka garini na kipaza sauti.

"Ndugu zangu, sikutaka kusema mapema," alisema, akinyamaza ili watu waone jinsi alivyokuwa hataki kusema. "Lakini nani alizungumza na ubalozi? Nani alikuwa halali? Leo mtoto wetu yuko huru!"

Walimshangilia. Kaingu alimvuta kando.

"Mheshimiwa, Tsuma hakufungwa. Timu imemwacha tu. Amefutwa kazi."

Zachary alimtazama kwa huruma, kama mtu anayemtazama mgonjwa. "Kaingu, ndugu yangu. Hawa watu wana furaha. Wewe una nini?"

Kaingu akaona heri aende kwa mwenye mtoto. Alimkuta Josephine uani anapepeta mchele, midomo imemkauka. Alikuwa amefunga kula, kwa shukrani, tangu aliposikia.

"Mama," Kaingu alisema, amesimama kama mtu aliyetumwa msiba. "Mimi ndiye nimekosea. Mwanao hakuwa jela hata siku moja. Alikuwa hapigi mpira vizuri, basi wakamwacha."

Josephine aliweka ungo chini.

"Hakufungwa?"

"Hakufungwa."

"Amefukuzwa tu, kwa kuwa hajui kazi?"

"Anajua, mama, ila bega..."

"Kaingu." Alikung'uta pumba mikononi. "Mchungaji amesema maombi yangu yamefungua milango ya chuma. Kina mama wa kanisa wamenishika mkono mmoja mmoja. Mtu aliyefungwa huwa ameonewa. Aliyefukuzwa ameonewa na nani?" Akauchukua ungo wake. "Nenda kanyoe watu."

Akaenda. Alifuta ubao, lakini hilo halikusaidia kitu. Wakasema amefuta kwa usalama.

Tsuma alirudi Agosti, na Zachary alimwandalia mapokezi kwenye uwanja wa shule: turubai, muziki, fulana zenye picha ya Zachary. Kijana alishuka kwenye gari akiwa amechoka, amenenepa mashavu. Alipofika mbele akaambiwa awasimulie wananchi mateso.

"Mateso gani?" Tsuma aliuliza, na kipaza sauti kilikuwa wazi. "Mimi sikufungwa. Niliachwa na timu. Nilikuwa nakosa mipira."

Kaingu, kwenye safu ya nyuma, alifumba macho. Lakini Zachary hakutikisika. Alichukua kipaza sauti taratibu.

"Mnaona?" alisema, sauti imejaa machozi. "Mnaona unyenyekevu wake? Mpaka leo hataki kuwasema waliomtesa!"

Makofi yalipasuka mpaka ng'ombe waliokuwa wakila majani ng'ambo ya uwanja wakageuza shingo. Mchungaji alilia. Tsuma alikaa chini, akaletewa pilau.

Kesho yake asubuhi alikuja kunyolewa. Alikaa kwenye kiti, akajitazama kiooni.

"Kaka Kaingu, ni nani aliyenifunga?"

"Mimi," Kaingu alisema, akamweleza yote, mashine ikinguruma sikioni mwa Tsuma. Alipomaliza, mabega ya Tsuma yalikuwa yanatikisika. Kaingu akadhani analia, akazima mashine. Kumbe anacheka, machozi yanamtoka.

"Kule nilikokuwa," Tsuma alisema alipotulia, "uwanjani walikuja watu wachache, na nusu yao walikuja kula. Hakuna aliyejua nikipiga au nikikosa. Kumbe huku mchungaji alikuwa anahesabu besi nilizoiba."

Alikaa nyumbani akimsaidia mama yake shambani, na jioni alirusha mpira na Kaingu nyuma ya shule mpaka bega lililokaza likalegea. Mwishoni mwa Oktoba timu moja ya Nikaragua ikamwita kwenye ligi ya majira ya baridi, ambayo, Kaingu aliwafahamisha wateja wake, huchezwa kwenye nchi za joto. Hakuna aliyeshangaa. Walikuwa wamekwisha kuzoea. Ila hamu ilikuwa imepungua. Hakukuwa na jela Nikaragua, uchaguzi ulikuwa mbali, na Zachary alikuwa amepata suala la daraja. Ubao ulisomwa na Kadra na mbuzi wake.

Wiki ya pili ya msimu, Josephine aliingia kinyozini. Wanaume waliokuwa kwenye benchi walisogea, wakidhani ana la kulalamika. Aliketi, akaweka kikapu miguuni.

"Amefanyaje?" alimwuliza Kaingu.

Kaingu alitazama simu. Tsuma alikuwa amepiga mpira mmoja mzuri sana, na uwanjani amekosa kudaka mara mbili, na timu ikafungwa kwa hayo.

"Amepiga mmoja mzuri, mama," alisema.

"Na mengine?"

"Mengine ni ya kawaida tu."

"Soma yote," Josephine alisema. "Ni mwanangu huyo, si wa Mheshimiwa."

Kaingu akasoma yote: mpira uliomponyoka, na wa pili uliomgonga kifuani ukaanguka. Josephine alisikiliza akiwa ameinamisha kichwa, kisha akacheka kidogo, kwa pua.

"Tangu mdogo," alisema. "Kurusha, ndiyo. Ukimpa kikombe, kinaanguka. Wanacheza tena lini?"